Teki ya Nne, Mkono wa Kushoto

Ghorofa ya pili, mlango wa sita,
Nyuma ya duka la vioo.
Jumatano, 14 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, goti limepoa na baridi ya huko imeanza kukuonea huruma. Vipi zamu za kiwandani? Bado wanakuweka kwenye ile mashine ya vifungo inayokuumiza mgongo? Na wanao pacha, wameshaacha kugombea kitanda cha juu? Mumeo naye tumeona picha zake za ndevu. Mwambie tumemsamehe.

Huku Mama hajambo, Baba hajambo. Babu anaendelea, kama Baba alivyokwambia kwenye simu Jumapili. Mimi mwili wangu mzima, ila moyoni sina raha. Naogopa tangu Jumamosi, Shangazi. Naogopa nikiwa nimekaa na nikiwa natembea, na ninachokiogopa zaidi ni uso wako utakapofika mwisho wa karatasi hizi.

Barua inakuja kwa mkono wa yule mwenzako wa kiwandani aliyekuwa likizo, anasafiri kesho. Ningeweza kupiga simu, lakini najijua. Ningesikia sauti yako tu, ningeanza porojo, mara hali ya hewa, mara pacha, mwisho nikuage bila kusema la maana. Si bure ulinibandika jina la Kasuku. Kwenye karatasi angalau huwezi kunicheka nikajificha kwenye kicheko chako.

Baba alikwambia kwamba mzee alipatwa na kiharusi hapa nyumbani, tukamkimbiza hospitali, na kwamba mimi ndiye niliyemtajia daktari saa hasa kilipoanza, ndiyo maana dawa ikawahi. Amewaambia hivyo majirani, wenzake wa kazini, na hata muuza magazeti wa pale kona. Yote ni kweli. Ila amesimuliwa nusu, na aliyemwacha na nusu hiyo ni mimi.

Unajua nasomea kutengeneza filamu. Mwalimu wetu alitupa zoezi: wanafunzi wanne, nyumba moja, tukio moja la dakika moja hivi, halafu kila mtu aandike ukurasa wa mambo matano aliyojifunza. Mimi nilikuwa mwongozaji. Rafiki yangu mmoja mrefu kama mlingoti, tunamwita Mrefu, alishika kamera. Mwingine ni fundi sauti. Wa nne ni msichana tunayemwita Daftari, kwa sababu kazi yake ni kuandika kila kitu kilivyokuwa, ili picha zikiunganishwa zisigombane: shati lilifungwa vifungo vingapi, kikombe kilikuwa mkono gani, saa ngapi tulipiga.

Tulihitaji mzee. Na mimi mzee ninaye.

Tukio lenyewe ni dogo. Mzee amekaa mezani anakunywa chai, anamsubiri mwanawe. Anasikia hatua, anainuka, anafungua mlango, hakuna mtu. Anarudi kukaa, anasema maneno machache peke yake, kisha analaza kichwa mezani. Basi.

Babu alifurahi ungedhani anakwenda kuoa. Alikwenda kunyolewa Ijumaa. Alivaa ile tai ya kijani uliyomletea, na viatu alivyovishona mwenyewe zamani akiwa bado na kibanda chake, vikang'arishwa mpaka unajiona. Baba alikubali kwa shingo upande. Aliniambia mbele ya Mama, akaniinulia na kidole, kwamba iwe saa moja tu, mzee apumzike. Tulianza saa tatu asubuhi. Kwa hiyo saa nne kamili nilipaswa kuwa nimemaliza. Naomba uishike hiyo saa nne, Shangazi, maana mimi imenikaa kooni.

Saa nne hatukuwa na hata picha moja ya maana. Kwanza friji ilikuwa inanguruma, ikabidi tuizime. Mwalimu alitufundisha kwamba ukizima friji ya watu uweke funguo zako ndani yake, usije ukaondoka ukasahau kuiwasha. Mrefu akaweka zake. Halafu Babu naye kila tukianza anasimama. Mara ya kwanza alimwona jirani dirishani akampungia mkono. Mara ya pili aliacha kuigiza akamuuliza fundi sauti kama amekunywa chai, maana amekonda.

Nikachoka. Nikamkalia mbele, nikamwambia kwa ukali ambao sikuwahi kumtolea hata siku moja: Babu, chochote kitakachotokea, hata nyumba ikiungua, usiache kuigiza mpaka usikie mimi nimesema kata. Hiyo si sheria yangu, ni ya Mwalimu, tunaimbishwa darasani kila siku. Babu akatikisa kichwa. Akasema, "Kazi ni kazi, mchumba." Unajua anavyoniita.

Tangu hapo hakukosea tena. Teki ya tatu, yaani mara ya tatu kurudia tukio lilelile, ilikuwa saa nne na dakika ishirini, na ilitoka safi kabisa. Ningeweza kufunga virago pale pale. Lakini Mrefu aliona kivuli chake ukutani, nami nikasema moja tu zaidi.

Teki ya nne ilikuwa saa nne na dakika thelathini na tano. Babu aliinua kikombe kwa mkono wa kushoto. Daftari akaandika, na maneno yake ninayo hapa mbele yangu: "Teki ya nne, mkono wa kushoto. Kosa. Mwambie Babu mkono wa kulia."

Nikamwambia. Nilimwambia kama unavyomwambia mtoto aliyevaa viatu kinyume. Akautazama mkono wake wa kulia pale mezani, akautazama kwa muda, akasema sawa.

Teki ya tano alitumia mkono wa kulia kama nilivyotaka, na chai yote ikamwagika juu ya kitambaa cheupe cha Mama. Babu akasema, "Mchumba, mkono huu leo haunisikii." Nikamjibu, "Ubembeleze Babu, tumalize." Sote tulicheka, Shangazi. Kicheko changu ndicho kinachosikika zaidi kwa sababu nilikuwa karibu na kipaza sauti. Fundi sauti akalalamika kwamba maneno ya Babu yanatoka mazito, akabadilisha waya, akabadilisha kipaza sauti, akapuliza puliza. Daftari akaandika habari za mkono. Mrefu akahangaika na kivuli. Kila mmoja wetu aliiona ishara, akaitengenezea kifaa chake.

Kitambaa tukakifua, tukakipiga pasi mpaka kikauke. Muda wote huo Babu alikaa kwenye kile kiti chenye mkono mmoja, kimya, akitutazama tukipita. Nilimuuliza amechoka? Akasema kidogo. Nikampa maji. Sikumwangalia alivyoyanywa.

Teki ya sita tulianza saa sita kasorobo. Alikunywa chai, akageukia mlango, lakini hakuinuka. Nikasema moyoni, ameamua kubadilisha, na ni bora kuliko nilivyoandika mimi. Mdomo wake ulishuka upande mmoja. Nikaona huzuni. Akalaza kichwa mezani, taratibu, shavu juu ya kitambaa. Mrefu alinitazama machoni, anaomba tuendelee. Nikamwonyesha kidole: acha iendelee, usizime. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga.

Sekunde arobaini na moja. Nimezihesabu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuambia. Sekunde arobaini na moja baada ya kichwa chake kugusa meza ndipo niliposema kata. Na nilipokwisha kusema, tulipiga makofi.

Hakuinuka. Nikaita Babu, Babu, bado tabasamu liko mdomoni. Nilipomshika bega akaniangukia. Sijui nilipiga ukelele gani, Mama alikimbia kutoka kwa jirani bila viatu. Mrefu alimbeba Babu peke yake ngazi zote mbili mpaka kwenye gari la mwenye duka la vioo.

Tulifika hospitali saa sita na dakika arobaini. Daktari alikuwa mama mmoja wa miwani, mpole, ana haraka. Aliuliza swali moja tu: kimeanza saa ngapi?

Shangazi, mimi nilijibu saa sita kasorobo.

Daftari alikuwa pembeni yangu na daftari lake kifuani. Akafungua mdomo. Nikambana mkono kwa nguvu. Alama ya kucha zangu anayo mpaka leo, na hajaniambia neno. Sikupanga kudanganya, wallahi sikupanga. Nilijiambia alianguka saa sita kasorobo, basi ndiyo saa. Lakini nilijua. Nikitaja mkono wa kushoto wangeniuliza kwa nini sikusimamisha, na Baba angeuliza kwa nini saa nne na dakika thelathini na tano mzee alikuwa bado kitini wakati alisema saa moja tu. Baba mwenyewe alikuwa njiani anakuja. Nikaufyata mdomo.

Muuguzi akatueleza kwamba kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kichwani, ila ina muda wake, saa nne na nusu tangu kuanza, ikipita hapo inaweza kumuua badala ya kumponya. Na kabla ya dawa lazima apigwe picha ya kichwa, na mashine ni moja. Kwa hesabu yangu ya uongo, Babu alikuwa na nafasi mpaka saa kumi na robo. Basi wakatanguliza watu wawili wa ajali. Muuguzi akanishika bega, akasema tusiwe na wasiwasi, muda upo.

Nikakaa kwenye benchi na huo muda upo. Nilikuwa napiga hesabu kwa vidole. Kutoka saa nne na dakika ishirini, ile teki ya mwisho aliyokuwa mzima, muda unaisha saa nane na dakika hamsini. Wa kwanza wa ajali akaingia. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu. Nilikuwa namwogopa Baba kuliko nilivyoogopa Babu kufa. Hilo nimeliandika, silifuti.

Kilichoniinua ni tai. Babu alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu pale ukutani, hasemi, jicho moja wazi. Mkono wake wa kushoto ulipanda polepole, ukaanza kuinyoosha ile tai, ukainyoosha tena. Na jicho lilikuwa kwangu. Alikuwa anajiweka sawa kwa ajili ya kamera.

Nikamnyang'anya Daftari daftari lake nikamkimbilia yule daktari kwenye korido. Sikumbuki nilivyosema. Nilimwonyesha mstari, kisha Mrefu akamfungulia kamera tuliyokuja nayo, akaona teki ya tatu mkono wa kulia, ya nne mkono wa kushoto, ya tano chai ikimwagika. Akasikia na kicheko. Hakunigombeza. Aliangalia saa yake tu, ilikuwa saa saba na nusu, akaita watu kwa sauti, wakamsukuma Babu mbio mbele ya yule wa pili wa ajali. Dawa iliingia saa nane na robo.

Baada ya hapo ndipo Baba alipofika, daktari akamwambia huyu binti ametupa saa sahihi, amesaidia sana. Baba akanikumbatia mbele ya watu wote. Tangu nizaliwe, Shangazi, unajua Baba si mtu wa kukumbatia. Nikamwacha aamini hivyo.

Hiyo ndiyo nusu nyingine. Dakika hamsini nilizokalia benchi, na zaidi ya saa nzima kabla yake, tangu mkono wa kushoto mpaka kuanguka. Daktari alisema tumewahi, lakini alisema pia kwamba katika ugonjwa huu kila dakika ina bei yake. Mkono wa kulia haujarudi. Kauli haijarudi. Sijathubutu kumuuliza dakika zangu zilichukua nini.

Siku ulipoondoka uliniambia pale mlangoni, na sanduku lako tayari mkononi: mtazame baba yangu. Nilimtazama kutwa nzima kwenye kioo cha kamera, sikumwona.

Tulirudi nyumbani Jumapili, Babu amebaki wodini, tukakuta friji imezimwa, maziwa yameganda, na funguo za Mrefu ndani yake. Jumamosi alikwenda kwao kwa miguu, hata hakukumbuka kuwa ana funguo. Mama alicheka kidogo, mara ya kwanza. Ule ukurasa wa mambo matano nilitakiwa kuupeleka jana. Nimeandika la kwanza, friji. La pili, kuwa na kitambaa cha akiba. La tatu nimeandika namba tu.

Na sasa Baba anaitaka filamu. Kila siku ananiuliza. Anataka Jumapili awaite ndugu, tuitazame kwenye televisheni, tuone mzee alivyocheza siku ya mwisho akiwa na nguvu zake. Anasema itampa moyo. Nilimwambia bado naihariri. Mrefu alishauri niifute, niseme kadi ya kamera imeharibika, na jana nilifika mpaka pa kubonyeza. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Kilichonizuia ni woga tu, si uadilifu. Niliogopa kubaki na jambo hili moyoni maisha yangu yote.

Leo asubuhi ilikuwa zamu yangu ya kukaa naye wodini. Alikuja yule dada wa mazoezi ya viungo. Akamwekea Babu kikombe kitupu cha plastiki kwenye mkono wa kushoto, akamwomba akiinue, akakiinua vizuri. Akamwambia basi Babu, weka chini. Hakuweka. Akamwambia tena. Mkono ulianza kutetemeka, jasho likamtoka kwenye paji la uso, na kikombe bado kiko juu. Dada akajaribu kukichukua, vidole vikakaza. Akasema labda hasikii vizuri.

Anasikia. Alikuwa ananitazama mimi. Hakupepesa jicho.

Nilielewa, Shangazi. Nilisogea karibu na sikio lake nikasema, polepole, "Kata, Babu."

Akaweka kikombe chini. Mwili mzima ulilegea kama mtu aliyetua mzigo, akafumba macho, akalala usingizi wa kukoroma. Dada wa mazoezi akaniuliza nimemwambia nini, nikamwambia ni neno letu la nyumbani. Muuguzi akasema ndiyo kwanza anamwona amelala hivyo, siku zote alikuwa anakodoa tu ukutani. Ile Jumamosi nilisema kata, lakini yeye hakuwa tena wa kuisikia. Tangu siku hiyo alikuwa bado kazini.

Nilikaa pale nikalia mpaka wageni wa kitanda cha pili wakaniletea maji.

Kwa hiyo nimeamua, na kama naamua kijinga utaniambia. Ndani ya bahasha hii kuna kadi yenye teki zote sita, na ukurasa wa daftari. Wewe ndiye mwanawe mkubwa, una haki ya kuona kabla ya ndugu kukusanyika. Ukishaona, ukitaka kunigombeza nigombeze, ukitaka kunyamaza nitajua maana yake. Nakuomba kitu kimoja tu, usinipoze kwa kuniambia sikujua. Nilijua kwa dakika hamsini. Nakala ya pili ni ya Baba, na sitangoja Jumapili.

Nisalimie mumeo na ndevu zake, na pacha, waambie Babu akipata nguvu tutampelekea simu wamwimbie. Mpe pole yule bibi wa jirani yako aliyefiwa. Mama anakusalimu sana, hajui ninaandika nini, anadhani nakuomba viatu. Mungu akulinde kazini na njiani, alifunike goti lako, na amrudishie Babu kauli hata kama neno lake la kwanza litakuwa la kunikaripia.

Nimekaa mezani, Shangazi, kwenye kile kiti chenye mkono mmoja, natazamana na mlango. Televisheni nimeiwasha, nakala ya Baba iko ndani, teki ya nne iko tayari. Ni saa kumi na mbili kasoro dakika tano, na Baba huwa hachelewi. Nasikia viatu vyake kwenye ngazi, vile vya ngozi nyekundu alivyoshonewa na Babu.

Anayekupenda, na leo anayekuogopa,

Kasuku wako.